Mawaziri wa Banda la Jikoni

Mimi nimewahi kuwa waziri. Usicheke. Serikali yetu ilikuwa ya wanawake kumi na saba, na makao yake makuu yalikuwa banda la makuti nyuma ya hospitali ya serikali, huku kwetu pwani ya kusini, miaka ile ya hamsini kabla hatujajitawala. Kila nikisikia redioni watu wanavutana kugawana wizara, husema moyoni: hayo nayajua, nimeyafanya, na yakanitoa machozi.

Nilikuwa nimetoka Diani kumuuguza mamangu. Miguu ilikuwa imemvimba na pumzi zilikuwa fupi, hata kulala hakulali ila ameegemea mto. Naye alikuwa mtu wa kuoga. Ataoga asubuhi, ataoga jioni, na katikati akijihisi jasho kidogo tu atakwambia umtekee maji. Siku ya kwanza wodini alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, kufa ni amri ya Mungu. Lakini usiniache nikatoka duniani na chumvi mwilini. Nitoke safi." Nilimkemea aache maneno hayo, kisha nikamwahidi.

Zama hizo mwenye mgonjwa ndiye aliyempikia. Banda lilikuwa na meko sita, na sisi tulikuwa kumi na saba. Sisi wa Diani na majirani zetu tulikuwa wanane. Wa Bodo na Majoreni walikuwa sita, wakiongozwa na bi mkubwa mmoja wa Majoreni aliyetuamkua kama kwamba anatufanyia hisani. Wa Kinango, wale wa bara kwenye ukame, walikuwa watatu tu. Kila asubuhi ilikuwa ni vita. Huyu kaondoa chungu cha yule, yule kamwaga mchuzi wa huyu. Mimi nina mdomo, sikatai, na nilikuwa siachi jambo lipite. Siku moja nilirusha mwiko, ukamkosa mtu kwa kidogo.

Dresa, yule bwana aliyefunga wagonjwa vidonda, alikuja na gazeti mkononi. Akatwambia kwamba tukipigana tena banda litafungwa, na wagonjwa wetu watajijua. Halafu akalifungua lile gazeti.

"Nairobi wameunda Baraza la Mawaziri," alisema. "Wazungu wengi, Wahindi wawili, Mwafrika mmoja, na wote wamekaa meza moja. Nyinyi meko sita yanawashinda?"

"Na sisi watu wa pwani tumepewa nini hapo?" bi mkubwa aliuliza.

Dresa aligeuza ukurasa, akaugeuza tena. "Sioni kitu. Ila kuna mmoja hapa ni waziri asiye na wizara."

"Alaa! Huyo kazi yake nini?"

"Nadhani kukaa."

"Basi hao hawajui kugawa," bi mkubwa alisema, na akajifunga kanga vizuri. "Tutawaonyesha."

Mkutano ulichukua mchana mzima. Sisi tulitaka ukuu kwa kuwa tulikuwa wengi. Bi mkubwa aliutaka kwa kuwa ni bi mkubwa. Tuliteta, tukanyamaza, tukateta tena. Mwisho tulikubali shingo upande awe mkuu wa serikali, nasi tupewe Wizara ya Meko, yaani kuamua nani apike lini na wapi. Hiyo niliitwaa mimi. Watu wake walichukua Kitoweo, maana wao ndio waliokuwa na samaki. Kuni tulizigawa nusu kwa nusu, mawaziri wawili, ili pasiwe na manung'uniko. Wakabaki wale watatu wa Kinango, wamekaa kimya pembeni.

"Wapeni Maji," nilisema mimi.

Nilijua nilichokifanya. Kisima kilikuwa mbali na kamba yake ilikuwa ikichuna viganja, hakuna aliyeitaka kazi ile. Na wale wenzetu hawakuwa Waislamu, baadhi yetu walisita kula chunguni mwao. Maji hayapikwi, nilisema, hayana neno. Mama mmoja wa Kinango, mrefu, mwembamba, aliyekuja na mumewe mgonjwa, aliinuka akapokea kata ya kuchotea maji. Aliichomeka kiunoni na kusema, "Ahsanteni." Alisema kwa moyo wote, na mimi nikacheka ndani kwa ndani.

Lo! Hatukujua tumempa nani. Yule mama aliyatawala maji. Kila mgonjwa alipewa kipimo chake, na akimimina anahesabu kwa sauti, kata moja, kata mbili, mpaka unaona haya kuomba nyongeza. Ukimwaga tone anakutazama. Na pembeni mwa banda aliweka mtungi mmoja umejaa, umefunikwa kwa sahani, usioguswa.

"Huu wa nani?" nilimwuliza.

"Haushikwi," alinijibu. "Kwetu kila nyumba ina mtungi usioshikwa."

"Kwenu ni kwenu."

"Ndiyo, dada," alisema, na akaendelea kuhesabu.

Kiangazi kilikolea. Maji ya kisima yakashuka, yakaanza kuja na ladha ya chumvi. Waziri akapunguza vipimo, na mamangu akawa anaoga mara moja kwa siku, tena kwa nusu ndoo. Nilimwendea waziri mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili niliomba tuchukue katika ule mtungi wa pembeni. Mara ya tatu nilipiga kelele mpaka wagonjwa wakachungulia madirishani.

"Mamangu hana siku nyingi, huoni? Unamnyima maji ya kuoga!"

"Namwona, dada. Ataoga leo na ataoga kesho. Ule mtungi haushikwi."

Nilifura. Usiku ule sikulala kwa hasira, na asubuhi nilianza kupita kwa mmoja mmoja nikizungumza kwa sauti ya chini. Wenzangu wa Diani hawakunipa tabu. Bi mkubwa wa Majoreni alinisikiliza huku anaparua samaki. Hakuwa na ugomvi na yule mama, lakini moshi ulikuwa ukimuumiza macho, na alilitamani jiko la mlangoni penye upepo. Wizara ya Meko ilikuwa yangu. Nikampa. Baada ya adhuhuri mikono ikainuliwa, kumi na minne kwa mitatu, na yule mama akaondolewa. Wizara ya Maji nikaichukua mimi, juu ya ile niliyokuwa nayo.

Hakubisha. Aliitoa kata kiunoni akanipa kwa mikono miwili, kama mtu anavyomkabidhi mwenziwe mtoto. "Ule mtungi, dada," alisema, "tafadhali."

Jioni ile ile niliufunua. Nilimwogesha mamangu kwa sabuni ya mche, nikamsuuza, nikamsuuza tena, nikampaka mafuta. Alifumba macho kwa raha.

"Maji matamu haya umeyapata wapi?"

"Serikalini, mama."

Alicheka mpaka kifua kikambana. Kicheko kile nakikumbuka, na sikijutii, Mungu anisamehe.

Lakini mimi sikuwa mtu wa kuhesabu. Aliyeomba nilimpa, nipate kupendwa. Siku ya tatu pipa la maji pale bandani lilikuwa kavu, mitungi mikavu, na ndoo iliyotoka kisimani ilileta tope la chumvi. Siku ya nne, jua limekwisha panda, mamangu aliniita, akasema kiu, nikainama kumchukulia kikombe cha uji, na nilipogeuka alikuwa amekwisha kwenda.

Ndugu zangu walikuwa mbali na lori la kwenda Diani lilikuwa la kesho yake. Joto lile halikungoja. Bi mkubwa alisema tumzike pale pale kijijini, kabla ya alasiri, na yeye ndiye atakayemwosha. Nilimbusu mkono. Kisha akauliza maji yako wapi.

Nilisimama. Watu wote waliniangalia mimi, waziri.

"Bahari haiko mbali," bi mkubwa alisema taratibu. Hakutaka kuniumiza. "Maji yake yanajuzu, mwanangu. Hakuna dhambi."

Nilijua yanajuzu. Lakini nilikuwa nikisikia sauti ya mamangu, nisitoke na chumvi mwilini, na nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimeyamwaga maji yake ya mwisho kwa mikono yangu, na jiko la mlangoni nikaligawa kwa ajili ya kuyamwaga.

Hapo yule mama wa Kinango aliingia bandani na mtungi kichwani. Tangu tumwondoe alikuwa akitoka kabla ya alfajiri, anakwenda kisima cha mbali huko ndani, mwendo wa saa nzima, anateka ya mumewe na kujaza mtungi mmoja zaidi. Aliutua mbele yangu. Maji yalikuwa maangavu mpaka chini.

"Huu haushikwi," nilimwambia.

"Ni wa siku kama hii, dada." Alininyooshea mkono. "Nipe kata."

Ilikuwa kiunoni mwangu. Tangu asubuhi, katika kilio chote kile, nilikuwa nimeivaa. Niliichomoa nikampa kwa mikono miwili.

Tulifunga kanga na shuka kuzunguka kitanda. Yeye hakuwa wa dini yetu, alikaa nje ya pazia na mtungi wake, na mkono wake ukawa unapita chini ya shuka na kata iliyojaa. Bi mkubwa alipokea, akamimina, akarudisha. Kata ikaenda, ikaja. Mimi nilikuwa upande wa kichwa, nimemshika mamangu shingo, na masikio yangu yalikuwa nje, nikingoja sauti ile niliyoichukia, kata moja, kata mbili. Nilingoja mpaka mtungi ukaisha. Hakuhesabu.