Karatasi ya Bwana Mwenye Tai

Lori lilinigonga kwa nyuma. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililobishaniwa kwa miezi, na kuna wiki hata mimi mwenyewe niliacha kuwa na hakika nalo.

Nilikuwa fundi wa umeme kiwandani, Likasi. Mshahara ulikuwa umeshakuwa habari ya kusimuliana tu: tulikwenda kazini, tukakaa kando ya mashine zilizozimwa, tukarudi nyumbani. Kwa hiyo nilitumia pikipiki yangu kuukuu, nyekundu, kufuata mahindi vijiji vya karibu na Mulungwishi na kuyaleta mjini. Siku ile, mchana, nilipokaribia mahali reli inapokata barabara, nilipunguza mwendo kama kawaida. Nakumbuka honi. Halafu nakumbuka mahindi yamemwagika kwenye lami, wanawake wanayazoa haraka kwa vitenge, na mimi nimelala katikati yao, mfupa wa mguu umetokeza kwenye suruali.

Hospitali haikuwa na kitu. Daktari alimpa mke wangu orodha ya vitu vya kutafuta sokoni: glavu, uzi, plasta, hata wembe. Muundi ulikuwa umevunjika mahali pawili. Waliuning'iniza mguu kwa kamba yenye jiwe mwishoni, wakaniambia nisubiri.

Nilikuwa mtu wa kushuku tangu kabla ya ajali, na miaka ile haikumponya mtu ugonjwa huo. Majirani waliochota maji bomba moja walianza kuulizana baba wa fulani alitoka wapi. Familia zenye asili ya mkoa wa Kasai zilifukuzwa majumbani mwao, na wengi walikuwa wanaishi stesheni, juu ya mizigo yao, wakingoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo watoto wao hawakuwahi kuiona. Mama mkwe wangu alitoka huko. Baba mkwe alikuwa wa hapa, kwa hiyo mke wangu hakuguswa. Lakini niliona nani anamsalimu na nani ameacha.

Siku ya tatu polisi alikuja na kunisomea PV, yaani maelezo yao ya ajali. Iliandikwa kwamba dereva wa pikipiki, akiwa amelewa, alijaribu kulipita lori upande wa kulia, akaanguka mwenyewe.

"Nani alisema hivi?" nikamuuliza.

"Chauffeur wa lori."

"Na bantu bengine? Pale palikuwa bantu mingi."

"Hakuna mushahidi, papa." Akakunja karatasi yake.

Nilisikia baadaye kwamba gari la polisi lilipata mafuta ya bure wiki ile. Sikuthibitisha, ila sijaacha kulifikiria.

Kesho yake akaja bwana mwenye tai. Alileta mkate, sukari, na masanduku mawili ya dawa ya vidonda ambayo hospitali ilikuwa haijaiona kwa muda mrefu. Alisema ni mwanasheria, anasaidia wagonjwa, na kwamba mwenye lori ni mtu wa huruma. Kesi zinachukua miaka, akasema, na pesa ya hukumu ya leo, siku utakayoipokea haitanunua hata sabuni. Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilinipata. Afadhali nisaini kwamba sina malalamiko, na mwenye lori atalipa hospitali.

"Na pikipiki," akaongeza, "mutuletee, tutaitengeneza."

Mke wangu alisubiri mpaka ametoka.

"Muntu anakuya kukusaidia, anauliza pikipiki mbele ya kuuliza mguu?"

"Weye unashuku kila muntu," nikamwambia. Mimi ndiye niliyesema hivyo, mimi niliyekuwa nahesabu vidonge kila muuguzi alipopita.

Bwana yule aliendelea kuja. Siku moja aliketi, akatazama huku na huku.

"Mama iko wapi leo?"

"Atakuja."

"Ah. Nilimuona stesheni jana. Labda nimekosea." Akaanza kuzungumzia mambo mengine.

Baada ya hapo sikulala vizuri. Kweli, mke wangu alikuwa amebadilika. Zamani alikuja asubuhi na jioni. Sasa alikuja asubuhi tu, mbiombio, miguu ina vumbi.

"Ulikuwa wapi jana?"

"Natafuta kintu," akajibu, akamtazama muuguzi aliyekuwa karibu, akanyamaza.

Nilimwona anavyonyamaza. Nikamuuliza watoto wanaendeleaje, si kwa kutaka kujua, bali kuona kama macho yake yatakimbia. Kisha jirani yetu alikuja kunitembelea, akanieleza, bila ubaya wowote, kwamba pikipiki iliyoletwa nyumbani baada ya ajali haiko tena. Aliwaona mke wangu na mwanamume mmoja wanaisukuma.

Nikiwa pale nimefungwa kwa jiwe, niliunganisha kila kitu. Ameuza pikipiki. Anatafuta nafasi kwenye treni. Atakwenda kwa ndugu wa mama yake na watoto, aniache na mguu huu. Nilimtengenezea hata maneno atakayoyasema siku ya kuaga. Nikawa nina uchungu naye kwa maneno ambayo hakuwahi kuyasema.

Bwana mwenye tai alipokuja tena, nilimwambia alete karatasi yake. Kumbe alikuwa nayo mfukoni. Alinishikia kitabu kigumu chini yake, nikaandika herufi ya kwanza ya jina langu.

"Papa ya batoto, ngoja kwanza."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kimelowa jasho.

"Weye uliuzisha pikipiki," nikasema, mbele ya wodi nzima.

"Nani alikuambia?" Akafuata macho yangu mpaka kwa mgeni wetu. "Pikipiki iko ku parokia, mu chumba ya padri, na kufuli. Ni mupishi wake alinisaidia kuisukuma. Huyu alikuya ku nyumba mara mbili na bantu ya kuibeba. Hakukuambia?"

Hakuniambia.

Mke wangu akatoa karatasi iliyokunjwa kifuani. Alikuwa amemtafuta mama mmoja aliyeuza karanga pale kwenye reli, aliyeiona ajali yote. Yule mama alikuwa amefukuzwa kwake siku chache baadaye, na sasa alikuwa stesheni na watoto wake. Aliogopa kusema. Mke wangu alimpelekea maji na bukari, ugali wetu, kila siku, akakaa naye tu, mpaka alipokubali. Kisha akambembeleza karani wa parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka, aje stesheni kuandika maneno yake. Hakuniambia kwa sababu aliamini kila neno la wodi ile linamfikia mwenye lori.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Lori ilikugonga nyuma. Chauffeur alikuwa anaangalia pembeni, anaongea na muntu."

Bwana mwenye tai alitabasamu. "Mama, muntu wa stesheni si mushahidi. Kesho atakuwa mbali."

"Alama ya kidole yake itabakia hapa," mke wangu akajibu.

Bwana yule aliichukua karatasi yake yenye herufi yangu moja, akaondoka. Mkate aliouleta siku ile, mke wangu aliugawia wagonjwa wengine.

Kesi ilisikilizwa nikiwa tayari natembea kwa magongo. Hakimu aliagiza pikipiki iletwe uani, akachuchumaa mbele yake. Gurudumu la mbele lilikuwa zima. Matigadi ya nyuma ilikuwa imesukumwa mpaka kwenye kiti, na juu yake rangi ya buluu, ya lori. Akaikwangua kwa ukucha.

"Muntu anayekupita," akamuuliza dereva, "unamugonga mukia namna gani?"

Hakimu akadai karatasi ya bima ya lori, na hapo ndipo nilipoelewa huruma yote ile: bima ilikuwa imekwisha muda, na fidia yote ingetoka mfukoni mwa mwenye lori. Kama ningesaini, mwenye lori asingelipa chochote zaidi. Bwana mwenye tai, ambaye kweli alikuwa mwanasheria, wa mwenye lori, aliomba tupatane.

Mke wangu alikataa noti. Alitaka deni la hospitali limalizwe, unga kila mwezi kwa mwaka mmoja, na cherehani. Hakimu akaandika hivyo hivyo. Cherehani ilikuja. Unga ulikuja miezi tisa, halafu mwenye lori akahamia Zambia na hatukumwona tena. Mama wa karanga alikuwa ameshaondoka na treni kabla ya siku ya kesi. Hakujua kamwe kwamba kidole chake kilishinda. Mguu wangu ulipona ukiwa mfupi kwa upana wa vidole viwili.

Ilinichukua karibu mwaka kumwambia mke wangu. Alikuwa anashona sare za shule, mimi nimeketi karibu.

"Wakati ule, nilifikiri utaenda na treni."

Hakusimamisha mashine.

"Miye pia nilifikiri," akasema. "Siku mbili."

Sikumuuliza ni siku zipi. Kitambaa kilikuwa kinaburuza chini upande wangu, nikakiinua, nikamshikia mpaka alipomaliza mshono.