Mguu Mpya wa Kaka

Siku kaka yangu alipotembea tena, mama alilia kama kuna maiti ndani.

Sitanii. Majirani walikuja mbio kutoa pole, wakamkuta kaka anaizunguka meza kwa mguu wa plastiki, anacheka peke yake.

Mguu wake wa kuzaliwa aliuacha kwenye bomu la ardhini. Tangu hapo, wapiganaji wakipita mtaani kuzoa vijana, kwetu mimi tu ndiye niliyefichwa darini. Kaka alijikalia mlangoni na magongo yake, hana habari.

"Huyu abaki," walicheka. "Akatupigie vita kwa kuruka kichura?"

Halafu wafadhili wakafungua karakana ya viungo bandia kwenye shule yetu iliyofungwa. Bure kabisa!

Mama akagoma. "Mwanangu, kaa hivyo hivyo. Nitakuchotea maji mpaka nife."

"Mama, nataka kuoa. Nani atampa binti yake mtu anayesimamishwa mlangoni kama ufagio?"

Akaenda.

Haikupita muda, gari likasimama nje. Wakashuka wapiganaji wawili, wapole kama wamekuja kuposa. Mmoja akaugonga ule mguu. Ko, ko.

"Umekukaa vizuri? Haukuchubui?"

"Hapana," kaka akajibu.

"Basi vaa kiatu."

Mama akamng'ang'ania kiunoni. "Uchukueni huo mguu! Niachieni mtoto!"

Mimi nilitoka nduki mpaka karakana kwa fundi aliyemtengenezea mguu.

"Fundi, njoo uwaambie mguu ni mali ya wafadhili! Nyinyi wanawaheshimu!"

Alikuwa anasugua mguu mwingine kwa msasa. Hakuinua uso.

"Dogo, unadhani magari yetu yanapitaje kwenye vizuizi vyao?"

Akapuliza vumbi la msasa, akaendelea.

"Ndiyo sharti walilotupa. Kijana akishajua kutembea, tunawajulisha. Tukikataa wanatufungia, na hao nao wanakosa."

Akaonyesha benchi kwa kidevu. Limejaa. Kuna katoto kamelala mapajani kwa bibi yake, suruali upande mmoja imefungwa fundo.

Nilitaka kupiga kelele. Nimpigie nani?

Niliporudi, mama alikuwa ameketi barabarani, kiganja kimeshika kipande cha shati.

Kaka hajarudi.

Ndugu msomaji, ukiona msaada umefika salama katikati ya vita, shukuru, ndiyo. Ila uliza nani kaufungulia njia, na amepewa nini. Sisi tuliuliza gari likiwa limeshakata kona.