Gari la Maharusi

Nakumbuka Alhamisi moja mchana, mwanangu, mdogo wangu Elibariki alipoingia gereji kwetu Sokon One na gari jeupe la bosi wake, akaliegesha mbele yangu huku akitabasamu. Lilikuwa gari la kumbebea bibi harusi. Harusi ilikuwa Jumamosi, kanisani kwetu Akheri, na mimi, mkubwa wake wa tumbo moja, sikuwa hata na mchumba.

Wewe wa siku hizi labda utaona ni jambo dogo. Kwetu Umeruni wakati ule mdogo hakumruka mkubwa wake akaoa hivi hivi. Elibariki alikuja kwanza kuniomba, wazee wakiwa wamekaa, nami nikajibu kwamba nimekubali. Mdomo ulikubali. Moyoni nilikuwa nawaka wivu, na sioni sababu ya kukutafutia neno zuri zaidi. Nilimwonea wivu kwa ofisi yake, kwa nyumba aliyopanga Njiro, kwa Neema mchumba wake, aliyecheka hata vichekesho vyake vibovu. Zaidi ya yote nilimwonea wivu kwa mama yetu, ambaye tangu posa ipokewe alikuwa hana hadithi nyingine. Nikienda kumsalimia, kabla sijakaa vizuri ananiuliza, "Umeiona suti ya mwenzio?" Suti! Mimi mikono yangu ilinuka oili hata Jumapili ibadani.

"Kaka, gari linachemsha," Elibariki akaniambia. "Siyo kila mara. Nimeogopa kumpelekea fundi nisiyemjua."

"Liache hapo," nikamjibu, na sikumuuliza lingine.

Nilipofungua boneti nikakuta fundi aliyenitangulia ameng'oa themostati, kile kilango kinachozuia maji mpaka injini ipate joto, akaitupa. Huo ni ugonjwa wetu mafundi wa mji huu. Gari likichemsha tu, mkono unakimbilia themostati, tukidhani maji yakipita bila kizuizi basi kazi imekwisha. Nikaangalia rejeta, maji yamejaa, hakuna panapovuja. Nikalitoa kwenda kulijaribu kama tulivyozoea sote pale gereji, barabara ya Moshi, mguu chini mpaka Tengeru na kurudi. Mshale wa joto haukutikisika. Nikafunga boneti nikaenda kunawa mikono.

Mzee Urio, mwenye gereji na mwalimu wangu wa kazi, alikuwa amekaa kwenye siti kuukuu ya gari, anakunywa chai.

"Umelipima wapi?"

"Barabara ya Moshi, baba. Ni zima."

"Mbio?"

"Mbio."

Akaweka kikombe chini. "Wewe umewahi kuona wapi msafara wa harusi unakwenda mbio?"

Unaijua misafara ya harusi ya hapa kwetu. Pikapu ya matarumbeta inatangulia, mpiga picha amening'inia nyuma yake, mashangazi wanashuka kucheza barabarani, na gari la maharusi linafuata kwa mwendo wa mtu anayetembea, juani, toka Akheri, lizungushwe mjini, ndipo lifike ukumbini Njiro.

"Mteja mwingine yeyote ungemuuliza, linachemsha lini, likikimbia au likitambaa?" mzee akaendelea. "Mdogo wako hukumuuliza. Unataka likamfie pale Mnara wa Saa, mama yenu akiwa anacheza?"

Mwanangu, aliponitajia hilo, nilifurahi. Nilimwona Elibariki na suti yake amesimama kando ya mvuke, watu wanatoa vichwa madirishani, na roho yangu ikaburudika kabisa. Mzee aliiona furaha ile. Alinitazama mpaka nikainamisha macho.

"Kumwonea wivu mwonee," akasema, sasa kwa upole. "Mimi kaka yangu kule Kibosho namwonea wivu mpaka leo, na wote tuna mvi. Lakini gari lake likija hapa nalitengeneza. Haya, fungua tena."

Nikaliwasha, nikaliacha lingurume pale pale bila kwenda popote. Mshale ukaanza kupanda, taratibu kisha haraka. Gari likikimbia, upepo wa barabarani unaipooza rejeta, lakini likitambaa linategemea feni peke yake. Na feni ilikuwa inazunguka, ndiyo maana fundi mwenye haraka angeiacha. Mzee akanipa kipande cha gazeti, akaniambia nikishike mbele ya rejeta. Feni ile ilikuwa nyuma yake, kazi yake ni kuvuta hewa, kwa hiyo karatasi ilipaswa kunata. Badala yake ikasukumwa, ikanirukia kifuani. Mtu alikuwa amebadilisha mota akaunganisha waya kinyume, feni ikawa inarudisha joto mbele. Nikabadilishana waya zile mbili, nikafunga themostati mpya, nikaliacha lingurume mpaka chai ya mzee ikaisha ikaletwa nyingine. Mshale ulikaa katikati.

Jumamosi Elibariki aliomba niendeshe mimi. Mama alicheza mbele ya boneti karibu njia nzima, kitenge kiunoni, na kila alipogeuka alikuwa anamtazama yeye kule nyuma, si mimi. Niliuma meno. Jicho moja barabarani, jingine kwenye mshale. Tulipokuwa tunauzunguka Mnara wa Saa, mdogo wangu akainama akanishika bega, akasema sikioni, "Kaka, siku yako ikifika nitakuendesha mimi."

Nikamwonea wivu hata kwa hilo, kwamba yeye alikuwa na moyo wa kusema vile, na mimi sikuwa nao.

Basi sikia, mwanangu. Watakuambia uondoe wivu kwanza ndipo umtendee mema ndugu yako. Ukingoja uishe utazeeka unangoja, maana wangu haujaisha na Elibariki sasa ana wajukuu. Mtendee mema nao ukiwa bado unakuchoma. Muulize maswali yale yale unayomuuliza mgeni, na kazi yake uipime kwa mwendo atakaokwenda yeye, si kwa mwendo unaokurahisishia wewe. Mungu akupe ndugu wa kuwaonea wivu, akupe na mikono ya kuwatengenezea njia. Amina.