Pengo la Kogo Kwenye Ua

Nimerudi nyumbani Bomet juzi, rafiki yangu, na hadi sasa hasira haijanishuka. Chai ya kogo, marehemu nyanya yetu, imeungua kule chini bondeni. Haikuunguzwa na moto, ni baridi. Majani yamekuwa ya kahawia, ukiyashika yanavunjika. Michai ile aliipanda kwa mikono yake.

Kogo hakuwahi kupata hasara hiyo. Kila mwaka mvua ikikatika, alitutuma na panga tukate pengo kwenye ua wa miti uliokuwa chini ya shamba. "Baridi hushuka ikitafuta mto," alisema. "Mkiifungia, italala kwa chai yangu."

Jinsi tulivyoichukia kazi ile! Kupitia pengo hilo ng'ombe wa jirani waliingia, na sisi watoto ndio tuliowafukuza pekupeku asubuhi, huku kimyet na mursik, ugali wetu na maziwa ya mgando, vikitungoja jikoni. Juu penye nyumba palikuwa na joto kiasi. Ukiteremka na kikapu, baridi ilikushika vifundo, kisha magoti, na ukungu uliuona ukitoka polepole penye pengo kuelekea mtoni. Mwalimu wetu alicheka, akasema baridi haina miguu. Nilimwamini yeye, kwa sababu alikuwa na viatu.

Sasa mahali pa ua ule pana ukuta wa mawe unaonifika kifuani, hauna hata tundu. Nilimfokea ndugu yangu mdogo, anayetunza shamba: ni mjinga gani aliyeziba hapa?

"Si ni wewe, bro?" akasema taratibu. "Ulipiga simu ukasema tujenge ukuta, umechoka kusikia story ya ng'ombe za jirani. Nikakuuliza, na ile pengo ya kogo? Ukasema hizo ni mambo za kitambo."

Ni kweli, nilisema hivyo. Nilisema haraka haraka, nikiwa na shughuli zangu mjini, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Leo alfajiri tumeshuka na nyundo tuubomoe pale palipokuwa na pengo. Tumebishana kama wapumbavu: yeye anasema pengo lilikuwa kushoto, mimi kulia. Kogo hakubishana na mtu. Alivua viatu, akatembea kando ya ua mpaka miguu yake ikamwonyesha mahali baridi inapopita. Nami nimevua vyangu, nikatembea ukuta mzima, mwanzo hadi mwisho.

Baridi ilikuwa sawa kila mahali. Haikuwa ikienda popote.