Avoka Kushoto, Bati Jekundu Nyuma

Mimi niliyeanza kwa kubeba mifuko ya simenti mgongoni, na leo nina nyumba tatu Bukavu, hakuna kitu katika mji huu kinachoweza kunishangaza. Lakini wewe, mwanangu, unanichosha. Umekwenda Kamanyola mara moja tu kuona kiwanja chako, kule tambarare ambako kila kiwanja kinafanana na mwenzake, umerudi unasema, "Papa, parcelle naijua." Unaijua nini?

Siku moja bado haijanitoka. Nilikuwa kijana, nimenunua kiwanja changu cha kwanza Nguba, kwenye mteremko juu ya ziwa. Nilikuwa nakifikia kwa barabara ya chini, nainua macho: avoka kushoto, nyuma yake nyumba yenye bati jekundu. Baba wa mama yako, Muzee Cirhuza, alikuwa amesema hatapokea ng'ombe zangu za mahari mpaka aone msingi kwa macho yake, Jumapili.

Mvua ikakata barabara ya chini. Nikashuka na mafundi kutoka juu, njia ambayo sikuwahi kuipita. Nikaona avoka kushoto. Nyuma yake, bati jekundu. Kichwa kikasema, njo hapa, ndipo penyewe. Fundi akauliza, "Patron, hatuite kwanza muuzaji atuonyeshe mipaka?" Nikamwambia sihitaji mtu wa kunionyesha mali yangu, tukajenga msingi wa mawe.

Jumapili Muzee akapanda kwa miguu kutoka ziwani, akifuata alama nilizompa, akasimama mbali chini yetu, katika majani.

"Mutoto, fondation iko wapi?"

"Huku, Papa. Nimesimama juu yake."

"Umesimama kwa watu. Parcelle yako njo hii. Ukitoka kule juu, bati unalipita kwanza, na avoka inakuwa kuume."

Mama mwenye kiwanja tulichojengea alikuwa ametoka misa. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya mawe yangu, akatengeneza kitenge chake. "Aksanti, tonton. Sasa unaondoa lini?"

Muzee alifika juu anahema. "Sisi tulikuwa tunakwenda Shabunda kwa miguu. Kila njia panda unageuka, unaangalia nyuma, maana wakati wa kurudi fasi, mahali palepale, inakuwa na sura ingine. Weye unajua mbele tu. Binti yangu atangoja mpaka jiwe la mwisho litoke."

Leo dada yako anayesomea udaktari ananieleza, polepole kama kwa mutoto wa chekechea, kwamba katika ubongo kuna sehemu ya kutambua mahali, na kwamba ikiona vitu vinavyofanana inaweza kukubali haraka na kukosea. Wao wanalisomea hilo. Mimi nililipia.

Basi rudi Kamanyola. Kifikie kiwanja kwa kila upande, simama katikati, geuka, halafu ita majirani. Ukisikia kichwa kinasema "naijua" haraka mno, kikatalie. Mungu akujalie nyumba iliyosimama kwenye udongo wako, na mukwe asiye na haraka ya kukasirika. Mimi, kubomoa, kubeba mawe na kumrudishia yule mama udongo wake kulinila dola mia sita arobaini na saba, na ng'ombe mmoja ambaye Muzee aliongeza kwenye mahari kwa sababu nilimpandisha kilima bure.