Kichanja Chenye Mabawa

Harufu ya dagaa walioanikwa juani ikinijia, hata leo, paja langu la kushoto huanza kuniwasha. Msimu ule niliteleza kwenye mawe ya Mabatini, nikavunjika, nikafungwa plasta kutoka kiunoni hadi kwenye unyayo. Mama aliogopa jicho la watu kuliko mfupa wenyewe. Aliamini mfupa ukitazamwa na wengi hauungi. Wageni waliokuja kunipa pole waliambiwa nimelala, na akienda sokoni alifunga mlango kwa kufuli. Nililala kifudifudi chini ya bati la moto, nikiwasikiliza wenzangu wakicheza rede nje, na niliwachukia wote.

Aliyeruhusiwa kuingia na kuachiwa ufunguo ni Mjomba Masanja tu, kaka yake mama, mwalimu wa shule ya msingi. Siku moja alinionyesha kitabuni picha ya ndege ya mwanzo ya Wamarekani: bawa juu ya bawa, vijiti vya mbao katikati, nyaya zimekatiza huku na huku. "Mjomba, mbona hiki ni kichanja cha dagaa!" nikasema, maana kile alichoanikia mama kule uani kilikuwa hivyo hivyo, ghorofa mbili zilizokazwa kwa waya. Alicheka sana. Akanieleza kuwa bawa moja jembamba lingekunjika, ila mawili yakifungwa pamoja hushikana. Umoja ni nguvu, hata kwa vijiti. "Na rubani anakaa wapi?" "Hakai. Analala kifudifudi kwenye bawa la chini, kama wewe. Akitaka kupinda anasogeza kiuno, nyaya zinavuta ncha za mabawa." Nililia kwa wivu. Nikamsihi anipeleke kichanjani.

Alinibeba, akanilaza kifudifudi kwenye ghorofa ya chini. Plasta iligoma kupinda, lakini upepo wa ziwa ulinipiga usoni, na watoto wakajaa wakinguruma kama injini. Mara mama akatokea, beseni kichwani, akakuta macho ya mtaa mzima juu ya mfupa wangu. Nilishindwa kuacha kucheka. Akatua beseni chini. "Nyie," akawaambia, "msije mkaniangushia rubani." Kufuli halikufungwa tena.

Siku hizi ndege hupita juu ya nyumba yangu Usagara na hakuna anayeinua kichwa. Mama yumo ndani, amevunjika nyonga. Majirani wakija kumjulia hali nawaambia amelala, na nikienda kazini nafunga kufuli, asije akainuka akaanguka tena. Ndivyo ninavyojiambia. Leo asubuhi, nikiwa mlangoni, aliniuliza: "Kile kichanja ulikipeleka wapi?" "Kilishaoza, mama." "Haya," akasema, akageukia ukutani. Nilifunga, nikasimama nje na ufunguo mkononi, dagaa wa jirani wakinukia. Kisha nikafungua mlango, nikauacha wazi, nikaenda kwa jirani kuomba nguzo za kichanja.