Dada wa Kazi Alivyouliza Tabia Yangu

Bado nina hasira, lakini nitasema tu. Spesioza alitoka Katumba kuja kwangu hapa Mpanda kutafuta kazi za ndani. Nilimkalisha sebuleni, nikampigia simu mama aliyekuwa akimfanyia kazi zamani, nikaweka spika ili binti mwenyewe asikie. Nikauliza kama anaamka mapema, kama ni mdokozi, kama anakula sana. Yule mama akamsifia, nikamwambia Spesioza kazi amepata.

Akajibu taratibu, "Asante mama. Na mimi naomba namba ya dada aliyetoka hapa."

Mimi, mwalimu wa nidhamu, niulizwe tabia na mtu ninayempa kazi? Mume wangu, aliyekaa kwenye mlango wa jikoni, akacheka, nikazidi kuchukia. Kwa kiburi nikampigia mwenyewe Agnesi, aliyekaa kwangu miaka miwili na kuondoka analia. Nikaweka spika vilevile.

"Dada," Spesioza akauliza, "hapa kwa mama mwalimu pakoje?"

"Mama hana shida," Agnesi akasema, nami nikainua kidevu. "Ila mboga usionje. Nyama anahesabu vipande ikiwa bado jikoni."

Nikamwita mwongo. Nikaapa kwa jina la marehemu mama yangu kwamba sijawahi hata siku moja kuhesabu nyama.

Mume wangu akamgeukia Spesioza. "Leo viko kumi na vinne," akasema. "Ameniweka hapa nivilinde alipokuja kukufungulia mlango."